Jinsi ya Kuanza Guqin: Kuanzia Kuitambua Ala hadi Wimbo wa Kwanza

Piga uzi mmoja wa guqin kisha tulia. Sauti inatoka nene, inaanza kufifia, na wakati sikio linadhani imekwisha, kidole cha mkono wa kushoto bado kinateleza juu ya uzi kikiivuta ile sauti kuelekea noti nyingine. Mara nyingine kinachobaki mwishoni ni mchakacho tu wa ngozi kwenye uzi. Wachina wanaoipiga ala hii hawauoni mchakacho huo kama kasoro. Kwao ni sehemu ya muziki.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wengi niliowaona wakiianza guqin na kuiacha walikuwa wakiipiga kama gitaa: piga noti, kimbilia inayofuata. Kwenye guqin kazi kubwa inaanza baada ya noti kupigwa, na hatua zote zifuatazo nimezipanga kwa kulikumbuka hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni guqin, si guzheng

Tamka "gu-chin". "Gu" maana yake ni ya kale, na "qin" ndilo jina lenyewe la ala. Ukitafuta mtandaoni utakutana kwanza na guzheng: ubao mkubwa wenye nyuzi 21, kila uzi ukiwa juu ya daraja lake dogo linalosogezwa, na mpigaji amefunga kucha za bandia vidoleni. Guqin ina nyuzi 7, haina madaraja hayo hata moja, na hupigwa kwa kucha na nyama ya vidole vyako mwenyewe. Urefu wake ni kama sm 120 na upana kama sm 20. Juu ya ubao, upande wa mbali na mpigaji, kuna vidoti 13 vya lulumizi. Hivyo ndivyo alama ya haraka zaidi ya kuitambua.

Ukitaka kuiweka katika ukoo unaoujua, fikiria kanuni ya taarabu ya Unguja, enanga ya Wahaya, au inanga ya Burundi na Rwanda: nyuzi zimetandazwa juu ya ubao na kupigwa kwa vidole. Kwa tabia, mimi naiona inanga ndiyo ndugu wa karibu zaidi. Zote mbili zina sauti ya chini, na zote humtaka msikilizaji asogee.

Umri wake si wa kubahatisha. Katika kaburi la mtawala Yi wa dola ya Zeng, lililofukuliwa mkoani Hubei mwaka 1978, ilipatikana qin ya nyuzi 10 iliyozikwa yapata mwaka 433 KK. Umbo la nyuzi 7 lilikuja kutulia baadaye, na wasomi wa China wakaihesabu qin kuwa ya kwanza kati ya stadi nne za mtu aliyeelimika: qin, mchezo wa bao la weiqi, mwandiko mzuri na uchoraji. UNESCO iliutangaza muziki wake kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Hatua ya 2: Ijue ala kwa mikono kabla ya kuipiga

Ilaze mezani na uipapase. Upande wako wa kulia kuna ukingo ulioinuka ambao nyuzi zote zinapita juu yake: huo ni yueshan. Upande wa kushoto nyuzi zinapinda kwenye longyin, yaani ufizi wa joka, kisha zinaingia chini na kuzungushwa kwenye miguu miwili mifupi iitwayo miguu ya bata bukini. Nyuzi 4 nene hufungwa mguu mmoja, 3 nyembamba mguu mwingine. Igeuze taratibu: tumboni kuna matundu mawili ya kutolea sauti, kubwa likiitwa dimbwi la joka na dogo dimbwi la ndege feniksi. Vigingi 7 vya kukazia viko chini ya upande wa kulia.

Ubao wa juu kwa kawaida ni wa mti mwepesi, paulonia au jamii ya msonobari, na wa chini ni wa mti mgumu zaidi. Juu yake hupakwa tabaka nyingi za utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa pembe za kulungu. Hapa msomaji wa pwani yetu ana bahati ya kuelewa haraka: mti unaotoa utomvu huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na aliyewahi kubabuka ngozi kwa mafuta ya ganda la korosho anaujua moto wake. Ukishakauka na kukomaa haudhuru mtu, bali unakuwa ganda gumu ambalo uzi unaweza kusuguliwa juu yake kwa miaka mingi. Ndiyo maana guqin zilizotengenezwa enzi ya Tang, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, zipo hadi leo, na baadhi zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Beijing.

Maumbo ni mengi, na kila moja lina jina. La Zhongni, jina jingine la Confucius, limenyooka bila madoido. Lipo pia liitwalo jani la mgomba, lenye kingo za mawimbi kama jani lililopigwa na upepo. Umbo halibadilishi kitu kikubwa kwa anayeanza, kwa hiyo chagua linalokupendeza.

Hatua ya 3: Unaponunua, tumia sikio na kidole

Ala yangu ya kwanza niliinunua kwa picha. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ubao wote ulikuwa na nyufa nyembamba nilizodhani ni dalili ya ubora. Ilipofika, uzi wa 4 ulikuwa ukichakarisha kama mchanga kila nilipoubonyeza karibu na kidoti cha 10. Muuzaji alisema nitazoea. Sikuzoea, na hakuna anayepaswa kuzoea.

Nyufa za utomvu huja zenyewe baada ya miaka mingi sana, na Wachina wamezipa majina: tumbo la nyoka, nywele za ng'ombe, ua la plamu. Ala mpya yenye nyufa imechorwa au imelazimishwa. Ziache kabisa nyufa, ufanye majaribio haya, au umwombe muuzaji akurekodie video akiyafanya:

- Bonyeza kila uzi kuanzia kidoti cha 13, kilicho kushoto kabisa, hadi cha 5, pole pole, ukiupiga kila mahali. Sauti ya mchanga au ya nyuki ina maana ubao haujasawazishwa vizuri.
- Sikiliza uzi wa 1 na wa 7 ukipigwa wazi. Zote mbili zisikike kama zimetoka mwili mmoja, si ngoma na bati.
- Bonyeza karibu na kidoti cha 7. Kidole kikiuma ndani ya dakika chache, nyuzi ziko juu mno.

Kuhusu nyuzi zenyewe: zamani zote zilikuwa za hariri. Tangu miaka ya 1960 na 1970 zilienea za chuma zilizozungushiwa nailoni, ambazo hazikatiki ovyo na zina sauti kubwa kidogo. Hariri ina sauti tamu zaidi, na mchakacho wake ni wa kupendeza, lakini hulegea hewa inapobadilika. Anza na chuma na nailoni.

Hatua ya 4: Meza, kiti na mahali

Ala ikae mezani na upande wa kulia utokeze nje ya ukingo wa meza, ili vigingi vining'inie bila kugusa kitu. Chini ya upande huo weka kitambaa cha mpira kisichoteleza. Uzi wa 1, ulio mnene, unakuwa mbali nawe, na wa 7 unakuwa karibu na tumbo lako. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kifua kikielekea kati ya kidoti cha 4 na cha 5. Vidoti huhesabiwa kutoka kulia, kwa hiyo cha 1 kiko karibu na yueshan na cha 7 ndicho cha katikati kabisa.

Kama mabega yanapanda juu, meza ni ndefu mno. Meza ya kulia chakula mara nyingi haifai. Tafuta iliyo chini kidogo, au pandisha kiti. Usiiache ala juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Hatua ya 5: Kutuni kwa sauti zinazoelea

Hatua hii usiiruke. Programu ya simu itakupa uzi mmoja, na nyingine 6 zipate kwa sikio, kwa sababu ukiwa unatuni ndipo unapojifunza kusikiliza guqin.

Kama umewahi kuimba kwaya kwa solfa, mpangilio utakuwa mwepesi: kutoka uzi wa 1 hadi wa 7 ni so, la, do, re, mi, so, la. Kwa majina ya noti ni C, D, F, G, A, C, D.

Sauti inayoelea, fanyin, hupatikana hivi. Kidole cha kushoto kiguse uzi juu ya kidoti kwa wepesi, kama unavyogusa ngozi ya mtoto aliyelala, wala usiubonyeze. Mkono wa kulia upige uzi, na mara hiyo hiyo uinue kidole cha kushoto. Itatoka sauti safi kama kengele. Vidoti vimewekwa penye migawanyo kamili ya uzi: cha 7 ni nusu, cha 9 ni theluthi mbili, cha 10 ni robo tatu. Ukizijua hizo tatu, unaweza kutuni ala nzima:

1. Uzi wa 5: ukaze hadi A ya hertzi 110 kwa kutumia simu. Baada ya hapo weka simu mbali.
2. Uzi wa 2: piga fanyin yake kwenye kidoti cha 9, ilingane na ya uzi wa 5 kwenye cha 7.
3. Uzi wa 7: kidoti chake cha 9 kilingane na cha 10 cha uzi wa 5. Hakikisha kwa kulinganisha cha 10 cha uzi wa 2 na cha 7 cha uzi wa 7.
4. Uzi wa 4: kidoti chake cha 9 kilingane na cha 7 cha uzi wa 7.
5. Uzi wa 6: kidoti chake cha 9 kilingane na cha 10 cha uzi wa 4.
6. Uzi wa 1: kidoti chake cha 9 kilingane na cha 7 cha uzi wa 4. Hakikisha: cha 10 cha uzi wa 1 na cha 7 cha uzi wa 6.
7. Uzi wa 3: kidoti chake cha 9 kilingane na cha 7 cha uzi wa 6.

Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana utasikia mtikisiko, wau-wau-wau. Kadiri unavyozungusha kigingi mtikisiko unapungua mwendo, halafu ghafla unalala. Hapo ndipo penyewe. Zungusha kidogo kidogo huku ukikisukuma kigingi juu ili kisiteleze.

Kuna mtego mmoja ulionipotezea jioni nyingi. Ukilinganisha kidoti cha 11 cha uzi wa 3 na cha 10 cha uzi wa 5, utadhani umekosea, kwa sababu sauti zinapishana kidogo. Hujakosea. Ukituni kwa njia hii, umbali kati ya do na mi unakuwa mpana kuliko ule wa kidoti cha 11. Usiguse kigingi.

Hatua ya 6: Mkono wa kulia

Kucha za mkono huu ziwe ndefu kidogo tu kupita nyama. Piga kati ya yueshan na kidoti cha 1. Mapigo ya msingi ni 8, kwa sababu kidole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete kila kimoja kina pigo la kuingia ndani na la kutoka nje. Kidole kidogo hakitumiki, nacho huitwa kidole kilichokatazwa. Mwezi wa kwanza mapigo matatu yanatosha:

*Gou*, kidole cha kati kikiuvuta uzi kuelekea kwako. Kikishapiga kinatua na kupumzika juu ya uzi unaofuata.

*Mo*, kidole cha shahada kikivuta vivyo hivyo.

*Tiao*, kidole cha shahada kikisukuma uzi kwa kucha kutoka kwako, gumba likikiegemeza. Ni pigo dogo, la haraka, mkono wenyewe ukiwa umetulia.

Zoezi la kila siku: gou uzi wa 1, kisha tiao uzi wa 6, gou uzi wa 2, tiao uzi wa 7. Kila jozi ni so na so, la na la, kwa tofauti ya oktava moja. Subiri noti ya kwanza ikaribie kuisha ndipo upige ya pili. Itakukera mwanzoni, lakini ukae nayo.

Hatua ya 7: Mkono wa kushoto, anayeizungumzisha ala

Guqin ina sauti za aina tatu, na vitabu vya kale vinazifananisha na dunia, mbingu na binadamu. Uzi uliopigwa wazi ni dunia. Fanyin ni mbingu. Uzi uliobonyezwa, anyin, ni binadamu, kwa kuwa huo ndio unaoweza kulia, kusita na kuhema.

Kubonyeza hutumia hasa gumba na kidole cha pete. Gumba hulala kwa ubavu, pale kucha inapokutana na nyama. Anza na jaribio hili: bonyeza uzi wa 4 kwa gumba kwenye kidoti cha 9, upige, kisha piga uzi wa 7 wazi. Ni noti moja. Sogeza gumba hadi kidoti cha 10, na sasa uzi wa 4 unalingana na wa 6. Kwa uzi wa 3 na wa 5 gumba litasimama kati ya vidoti, kwenye 10 na sehemu 8 kati ya 10 kuelekea cha 11. Hapa hapa ule mtego wa kutuni unapata maelezo yake.

Zikishalingana, jifunze kuingia na kutoka. *Chuo* ni kuanza kidogo kushoto ya mahali pako na kuteleza kulia hadi ufike, sauti ikipanda. *Zhu* ni kinyume chake. *Yin* ni kutikisa kidole kwa mwendo mdogo, *nao* ni kwa mwendo mpana. Kisha fanya zoezi ninalolipenda kuliko yote: piga uzi wa 4 kwenye kidoti cha 9, na bila kuupiga tena, telezesha gumba pole pole hadi cha 7. Endelea kuteleza hata sauti ikiisha. Zima feni, funga dirisha, sikiliza inafika wapi. Wiki ya kwanza mimi niliipoteza nusu ya njia. Baada ya miezi miwili nilikuwa naisikia hadi mwisho, na ala ilikuwa ni ile ile.

Hatua ya 8: Kusoma jianzipu

Nota za guqin hazionyeshi noti, zinaonyesha vidole. Kila alama ni vipande vya herufi za Kichina vilivyounganishwa. Chukua alama yenye 大 juu kushoto, 九 juu kulia, na chini yake 勹 iliyokumbatia 四. 大 ni gumba, 九 ni tisa, 勹 ni gou, 四 ni nne. Isome: gumba libonyeze kidoti cha 9, mkono wa kulia upige gou uzi wa 4. Ukiona 艹 juu, uzi unapigwa wazi. 木 ni mo, 乚 ni tiao. Jifunze namba za Kichina 1 hadi 13 na hizo chache, nawe tayari unasoma.

Kisichoandikwa ni muda. Noti ikae kiasi gani, haisemwi. Kazi ya kuufufua wimbo kutoka maandishi hayo huitwa dapu, na inaweza kumchukua bingwa miezi au miaka. Katika karne ya 20 bingwa wa guqin Guan Pinghu aliufanyia dapu Guangling San, wimbo wenye sehemu 45 uliochapwa katika mkusanyo Shenqi Mipu wa mwaka 1425. Kwa masimulizi ya kale, msomi Ji Kang aliupiga karne ya 3 alipokuwa akisubiri kuuawa, akasikitika kwamba sasa unapotea. Wewe anza na matoleo ya kisasa yenye namba za solfa juu ya jianzipu. Zitakuongoza kwenye mwendo.

Hatua ya 9: Wimbo wa kwanza

Walimu wengi huanza na Xianweng Cao. Umejengwa juu ya lile lile ulilofanya hatua ya 7: noti iliyobonyezwa kwenye uzi mmoja, kisha noti hiyo hiyo wazi kwenye uzi mwingine. Wanafunzi huzitamka jozi hizo "xian-weng, xian-weng", yaani mzee mtakatifu. Jozi zisipolingana, rudi kwenye gumba lako kwanza, halafu kwenye vigingi. Dakika 20 kila siku zinashinda saa 3 za Jumamosi.

Baada ya hapo nenda Qiufeng Ci, ambao maneno yake yanahusishwa na mshairi Li Bai, kisha Liangxiao Yin, unaofunguka kwa fanyin. Liu Shui, "Maji Yatiririkayo", uache kwa miaka kadhaa, lakini usikilize tangu leo. Rekodi ya Guan Pinghu ya dakika 7 na sekunde 37 iliwekwa kwenye sahani za dhahabu zilizorushwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977.

Kumpigia mtu mwingine

Orodha za kale zinataja nyakati za kutopiga qin: upepo mkali na mvua kubwa, sokoni penye kelele, kabla hujaketi vizuri, kabla hujavaa kwa heshima. Wapo wanaoziona kama maringo ya wasomi. Mimi nazisoma kama maelekezo ya fundi wa sauti: ala hii haisikiki penye ghasia.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Boya na Zhong Ziqi. Boya akipiga akiwa na mlima moyoni, Ziqi alisema anaona mlima. Akiwaza maji, Ziqi alisema anaona mto. Ziqi alipofariki, Boya alikata nyuzi na hakupiga tena. Kutoka kwao Wachina wana neno zhiyin, "aijuaye sauti", kwa rafiki anayekuelewa hasa.

Kwa hiyo siku Xianweng Cao wako utakapokuwa tayari, usitafute ukumbi. Mwalike mtu mmoja. Mkalishe karibu, upande wa mkono wako wa kushoto ili asikie kidole kinavyoteleza, na uzime feni.